Kulifuata Jiwe Jeusi: Siku Sita kutoka Eburru hadi Lemek

Siku ya kwanza: Gilgil hadi Eburru

"Mwalimu, hilo si jiwe. Ni chupa iliyovunjika."

Hivyo ndivyo mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alivyoniambia muhula uliopita, alipoweka mezani kitu cheusi alichokiokota shambani kwa babu yake, si mbali na Gilgil. Kilikuwa na urefu wa kidole cha shahada, chembamba, kimenyooka, na makali pande zote mbili. Nilikiinua dirishani. Kwenye ukingo, pale palipokuwa pembamba kama ngozi ya kitunguu, mwanga ulipenya na weusi ukageuka kijani. Rangi ya chupa kweli.

Ilikuwa obsidiani, kioo cha volkano. Lava inapopoa upesi mno, haipati nafasi ya kujipanga kuwa chembe chembe kama mawe mengine, inaganda ikiwa kioo. Ukiigonga inavyostahili, inabanduka vibanzi vyenye makali kuliko wembe wa dukani. Wafugaji wa Zama Mpya za Mawe, walioingia katika Bonde la Ufa la kati na ng'ombe, mbuzi na kondoo wao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walichinjia, walichunia na kuchongea kwa jiwe hili. Hawakuwa na chuma.

Na kijani kile kina kwao. Kinatoka mlima Eburru, kati ya ziwa Naivasha na ziwa Elmenteita. Vipande vya mlima huo vimepatikana hadi umbali wa kilomita 250 hivi, zama ambazo hapakuwa na gurudumu wala barabara. Mtu alibeba, akampa mtu, naye akampa mtu. Tangu siku ile darasani sikutulia. Likizo ya Agosti ilipofunguka nilikifunga kile kipande ndani ya kitambaa, nikaamua kulifuata jiwe kwa njia yake, kutoka mlimani lilikozaliwa mpaka bonde la Lemek, upande wa pili wa milima ya Mau.

Leo nimepanda kwa bodaboda kutoka barabara kuu. Vumbi la njia hii ni jepesi na la kijivujivu, linaingia hadi kwenye meno. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa, na kando ya njia nikaanza kuona mvuke ukitoka ardhini kama moshi wa jiko lisilo na mtu. Hapa mto hakuna. Wenyeji wamefunika matundu ya mvuke na kuunganisha mabomba, mvuke unapoa humo na kudondoka ndani ya pipa, tone baada ya tone. Maji yote niliyooga jioni hii yalitoka tumboni mwa mlima yakiwa moshi.

Mwenyeji wangu ni mzee Mwogiek, mfuga nyuki. Nilimwamkia "Shikamoo mzee" kwa mazoea ya kwetu Kilifi. Akacheka kwa furaha, akaitikia "Marahaba, binti yangu," kisha akamwita mkewe aje asikie mtu wa pwani anavyosalimia. Nilipomwonyesha kile kipande hakushangaa hata kidogo. Akakigeuzageuza, akajaribu makali yake kwenye ukucha wa dole gumba, akasema, "Hiki kimerudi nyumbani. Kesho nitakupeleka kwa mama yake."

Siku ya pili: mlimani

Tumetoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia migongo ya milima. Mzee alitangulia na panga, mimi nyuma. Tulizunguka kuelekea kaskazini-mashariki ya mlima, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kifua changu cha pwani kikanidai kila hatua.

Nilitarajia shimo. Machimbo ninayoyajua mimi ni yale ya matofali ya matumbawe kule kwetu, unaona ukuta uliokatwa na tundu lililoachwa. Hapa unaanza kusikia kabla hujaona. Mzee alikuwa mbele yangu hatua kumi hivi, mara mlio wa viatu vyake ukabadilika, ukawa kama mtu anayetembea juu ya vigae vya glasi. Nikatazama chini. Udongo wote ulikuwa unameta. Vibanzi kwa maelfu, vidogo kama kucha, vikubwa kama kiganja, vimelaliana kwa matabaka, majani yamechomoza katikati yake. Walikaa hapa, kizazi baada ya kizazi, wakigonga. Nilichosimama juu yake ni takataka za kazi yao.

Nilichuchumaa nikakaa pale karibu saa mbili. Mzee alinivumilia, akawasha kiko chake na kunyamaza.

Mbele yangu kulikuwa na bonge moja kubwa kuliko ngumi, limebanduliwa pande tatu. Bonge kama hilo mimi naliita jiwe mama. Ubavuni lina makovu marefu yanayoshuka sambamba, na kila kovu ni mahali nyembe moja, kibanzi kirefu chembamba, ilipotoka. Ukilitazama sana unaanza kuona mkono. Aliligonga hapa juu, akaligeuza kidogo, akagonga tena kando ya kovu la kwanza ili uti ulioachwa uiongoze nyembe ya pili inyooke. Kovu la nne limekatika katikati. Hapo jiwe lilimkatalia, nyembe ikavunjikia ndani, naye akalitupa. Nikaanza kupapasa vibanzi vilivyokuwa karibu. Cha tano au cha sita nilichokishika kilikuwa na tumbo la mviringo kama la kome. Nikakisogeza kwenye kovu la pili, kikaingia. Kilikaa kimya, bila mwanya, mstari wa mgusano ukatoweka.

Nilikishikilia hapo kwa muda. Mtu aliyevitenganisha viwili hivi alifanya hivyo kwa pigo moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyevikutanisha. Kisha nikakirudisha pale pale nilipokitoa, kwa sababu jiwe lililohamishwa haliwezi tena kumwambia mchimbaji lilikuwa wapi. Steven Goldstein na John Munyiri walichimba katika machimbo haya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, na kazi kama yao haiwezekani pale wageni wenye mifuko walipotangulia.

Nilipoinuka mzee alinionyesha mkono wangu. Damu ilikuwa inachuruzika kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Sikuwa nimehisi lolote. Ndivyo makali haya yalivyo, yanapita kwenye nyama kabla nyama haijajua.

Sasa niseme jambo lililonileta mpaka huku juu, kwa maana si wingi wa jiwe ulionishika akili. Obsidiani haiko Eburru tu. Bonde zima la Naivasha lina obsidiani, kuanzia kingo za shimo la volkano la Sonanchi mpaka korongo la Njorowa, ambalo wageni huliita Hell's Gate. Kule chini mtu anaiokota bila kupanda mlima. Mwaka 1984 Harry Merrick na Francis Brown walichapisha uchunguzi wa kemia ya mawe haya, wakaonyesha kwamba kila chanzo kina mchanganyiko wake wa elementi. Unaweza kuchukua kibanzi kilichookotwa mbali na kukirudisha kwenye kilima chake, kama unavyomtambua mtu wa Lamu kwa matamshi. Tangu hapo limejitokeza jambo la ajabu. Palikuwa na jamii mbili za wafugaji, zikiishi wakati mmoja katika nchi moja. Moja, ambayo vitabu huiita ya savana, ilitumia zaidi jiwe la kijivu la bonde la Naivasha. Nyingine, wanayoiita ya Elmenteita, ililipita jiwe hilo na kupanda mpaka hapa niliposimama na kidole changu kinachotoka damu, kuchukua la kijani.

Si kwamba lile la chini halikati. Linakata vizuri tu. Ila hili ndilo lililokuwa lao. Nilitafuta dalili za ukuta, uzio au boma la walinzi, sikuona chochote. Ninavyoamini mimi, hakuna aliyeuza jiwe hapa wala aliyelizuia. Mtu alipanda akiwa na haki ya kupanda, na haki hiyo aliipata kwa kuwa mwana wa fulani, rafiki wa fulani, mkwe wa fulani.

Nilimweleza mzee hayo tukishuka. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na wale wa mbali, walipeleka nini walipokuja?" Nikajibu kwamba wao walikuwa watu wa ng'ombe. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo analolijua.

Siku ya tatu: kushuka hadi Nakuru

Asubuhi nikifunga virago, mzee alitoka na dumu la lita tano, limefungwa kifuniko kwa mpira wa baiskeli.

"Unasema unakwenda Lemek?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi huendi mikono mitupu. Hii ni asali. Nina rafiki yangu kule, mke wake yupo, watoto wapo. Uliza boma lake, watu watakuonyesha. Mwambie imetoka kwangu, basi."

Nilitaka kuuliza kama hakuna gari la kuipeleka. Nikamtazama usoni nikanyamaza. Lita tano za asali ni kilo saba hivi, na nimeshuka nazo mlima mzima kwa miguu. Kamba ya dumu ilinikata kiganja cha kulia, nikahamishia kushoto, nikalibeba mgongoni kwa kanga, nikalirudisha mkononi. Nadhani mzigo wa mtu wa zamani wa kushuka Eburru haukuzidi huu sana. Ndiyo maana mlimani yamebaki mabonge na vibanzi vingi hivyo: walikuwa wakilimenya jiwe pale pale, wanaacha uzito usiofaa, wanashuka na kilicho cha lazima.

Mchana nilipata matatu ya Nakuru, na kabla jua halijazama nilikuwa Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi ya Zama Mpya za Mawe, wanawake wamezikwa na sahani za mawe kando yao. Kwenye mwamba kuna mashimo ya bao, nikaweka vidole ndani yake nikakumbuka babu yangu. Kile kipande cha mwanafunzi wangu nimekikabidhi kwa jumba la makumbusho, pamoja na karatasi inayosema kiliokotwa shamba gani na nani. Jina la mtoto nimeliandika kwa herufi kubwa. Mfuko wangu umekuwa mwepesi kwa namna isiyonifurahisha.

Siku ya nne: Njoro

Mto Njoro leo ni maji kidogo yanayopita kati ya miamba na migunga. Ukiutazama huwezi kudhani ulihifadhi kilio kikubwa namna ile.

Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba pango lililo kwenye kingo za mto huu. Walikuta mabaki ya watu karibu 80, waliochomwa moto na kuzikwa humo, kiasi cha miaka 3,000 iliyopita. Watu wa Elmenteita ndio hao, wapanda mlima wangu. Wenzao wa savana walizika chini ya marundo ya mawe, hawa walichoma maiti pangoni. Pamoja nao mlikuwa na mabakuli ya mawe, michi ya kusagia, shanga za mawe kwa mamia, nyembe za obsidiani. Kwa kuwa moto ulivigeuza mkaa, vimebaki hata vitu ambavyo kwa kawaida huoza: kibuyu, chombo cha mbao kilichochongwa kwa ustadi.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya maji nikifikiria kibuyu hicho. Kwa kawaida historia ya watu hawa tunaisoma kwa mawe peke yake, kwa sababu jiwe halifi. Lakini jiwe lilisafiri ndani ya kitu. Lilifungwa kwenye ngozi ili lisimkate mbebaji, likawekwa ndani ya kikapu, likateremka pamoja na maziwa na nyama kavu. Jiwe tunaliona peke yake kwa sababu wenzake wote wameoza. Na mtu aliyelibeba hatuna habari zake isipokuwa hapa, ambako walimchoma kwa heshima na kumwekea bakuli lake.

Nimelala kwa mama mmoja mwenye chumba cha wageni. Aliniuliza dumu lina nini nisiloliacha hata nikienda msalani. Nilipomweleza akasema, "Amana hiyo. Amana haiwekwi chini," akaliingiza kabatini kwake na kunipa ufunguo.

Siku ya tano: kuuvuka Mau

Mvua na matope siku nzima. Gari letu lilikwama mara mbili kati ya Mau Narok na Kisiriri, tukashuka tukasukuma, wanaume mbele, akina mama tukikusanya mawe ya kutia chini ya magurudumu. Baridi ya huku, juu karibu mita 3,000, ni ya kung'ata masikio. Mashamba ya ngano, shayiri na viazi pande zote, na mabaki ya msitu kileleni.

Kwa wachunga ng'ombe wa zamani huu ulikuwa ukuta wa miti. Walipita. Nimefika Narok usiku, viatu vimejaa tope, asali salama.

Siku ya sita: Lemek

Kutoka Narok nilipitia Ololulunga, nikashukia Ngorengore, nikachukua bodaboda mpaka bondeni. Baada ya Mau, macho yanatanuka. Nyasi, vilima vya mviringo, na anga inayoanzia miguuni.

Katika bonde hili mna mahali panaitwa Ngamuriak, ambapo Peter Robertshaw na wenzake walichimba katika miaka ya 1980. Palikuwa makazi ya wafugaji wa Elmenteita, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Mifupa waliyoikuta karibu yote ni ya mifugo. Na zana zao, kwa wingi mno, ni za obsidiani, ya kijani kutoka Eburru. Kutoka pale nilipokaa na jiwe mama siku ya pili mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 100, hata kama ungekuwa ndege. Na si kwamba huku mawe ya kukata hakuna. Yapo meupe ya kwatzi, niliyaona kando ya njia. Wangeweza kuyatumia. Walingoja la mlimani.

Nimelifikiria hili njia nzima, na ninaamini ng'ombe ndiye anayelieleza. Mtu mwenye ng'ombe anaweza kuwa tajiri Jumatatu na maskini wa mwisho Ijumaa. Ukame unakuja, ndigana inakuja, na katika nyanda hizi nyumbu wanapozaa huacha ugonjwa unaomaliza ng'ombe, Wamaasai wanaujua vizuri na huhamisha mifugo majira hayo. Wafugaji wa kwanza kuingia hapa walijifunza hayo kwa kupoteza. Aliyeponea ni yule ambaye baadhi ya ng'ombe wake walikuwa kwa mtu mwingine, mbali, kwenye mvua nyingine. Ila mtu hawi rafiki yako kwa sababu unamhitaji mwaka wa njaa. Lazima miaka yote ya shibe kuwe na kitu kinachokwenda na kurudi kati yenu, ili njia isiote majani. Mimi naona jiwe la kijani lilikuwa kitu hicho. Kila nyembe iliyofika Lemek ilikuwa imepitia mikono ya watu kadhaa wanaojuana.

Boma nililoagizwa niliulizia mara mbili tu. Watoto walinijia na kuinamisha vichwa niwaguse utosini, kama desturi yao. Mama mwenye boma alinisalimu "Takwenya," nami nikaitikia "Iko," nilivyofundishwa na dereva. Mumewe alikuwa malishoni. Sikuwa nimesema nimetoka wapi wala nimetumwa na nani. Nililiweka tu dumu mbele yake kwa mikono miwili.

Akafungua ule mpira wa baiskeli bila haraka. Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Kisha akamgeukia binti yake na kusema neno moja la Kimaasai, binti akacheka na kunitafsiria kwa Kiswahili:

"Anasema hii ni ya Eburru. Asali ya huku haina ladha hiyo."

Akanimiminia maziwa kutoka kibuyu kilichofukizwa, nikanywa vikombe viwili. Walinionyesha zizi. Mama akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwa ng'ombe mmoja wa rangi ya majivu, akasimama pale akimpapasa shingo, bila kueleza.

Jioni nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia mzee. Nilianza kumweleza safari: tope la Mau, jinsi mama alivyoitambua asali kwa ladha, salamu walizompa. Akanisikiliza kwa subira ile ile ya mlimani. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Vema, binti yangu. Na yule mtamba wangu wa kijivu, umemwona?"

"Nimemwona, mzee. Ana ndama."

"Dume au jike?"

Nikamwambia angoje, nikashuka tena kwenda zizini kuangalia.